Fusae na Kidoa Chekundu

Kuwamura Fusae alichambua machungwa miaka ishirini na miwili kwenye chama cha wakulima nje kidogo ya Matsuyama, Japani. Mashine zilipochukua kazi yake, aliomba kibarua chuoni kwetu, akapewa kukagua picha za anga.

Tulikuwa tukitafuta kwaza. Katikati ya galaksi za mbali mna mashimo meusi makubwa, na gesi inayoporomokea humo huwaka kuliko galaksi nzima; hiyo ndiyo kwaza. Baadhi zimegubikwa na vumbi. Mwanga wao hutufikia mwekundu, hafifu. Hizo ndizo zilizotutesa. Kompyuta ilizidhania hitilafu za kamera, ikazitupa.

Fusae alipitia vilivyotupwa. Alhamisi moja akaniita.

"Kitadai-san, hebu njoo. Hiki kidoa kimekosa nini?"

"Hitilafu hiyo. Kinaonekana kwenye rangi moja tu."

"Hitilafu gani inakaa palepale picha zote tano za rangi hiyo? Hitilafu inatokea mara moja, inaenda zake."

Mwalimu Iwakiri, mkuu wetu, akacheka kutoka mezani kwake. "Fusae-san, umeanza kutunyang'anya kazi?"

"Mngeifanya, Mwalimu, nisingewanyang'anya."

Tukaangua kicheko. Lakini Iwakiri alikuja, akainamia skrini, akazipitia picha zote tano. Siku hiyohiyo kidoa kikaingia kwenye orodha ya darubini kubwa ya Hawaii.

Miezi mitatu baadaye, tukila chakula cha mchana, majibu yakaja. Iwakiri aliyafungua vijiti vya kulia vikiwa bado mkononi. Mwanga wa kidoa ulikuwa umetandazwa rangi kwa rangi, na hapo ukasimama mstari mpana wa haidrojeni, alama ya gesi inayozunguka shimo jeusi kwa kasi. Kwaza! Mwanga wake ulikuwa umesafiri miaka bilioni kumi na mbili.

Iwakiri akainuka, akamwinamia Fusae mpaka paji la uso likakaribia meza. Fusae akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Masikini! Safari yote hiyo, halafu ninyi mnakitupa!"

Tuliyarudia mafungu yote yaliyotupwa. Mwaka ule tukapata nyingine kumi na moja, saba kwa macho yake, na makala ilipotoka jina lake lilikuwa la tatu kati ya waandishi. Alimpigia simu dada yake kule Uwajima papo hapo, mbele yetu.

"Kwaza?" dada akauliza. "Inaliwa?"

"Hailiwi, wewe! Nimeiona kabla ya mtu yeyote duniani!"

"Haya basi, njoo Jumapili. Nitapika wali wa samaki, unieleze polepole."