Chakula Kabla ya Ukaguzi

Niliingia kwenye kamati ya ukaguzi wa vizimba vya kaa kwa sababu nilikuwa na mwandiko unaosomeka na buti za mpira. Mkutano wa kijiji ulitaka mwakilishi wa wananchi, na waliopendekezwa kabla yangu wote walisema wana msiba. Kwamba mwenye vizimba vinavyokaguliwa ni shangazi yangu, dada yake baba, lilijadiliwa kwa uzito unaostahili. Mwenyekiti wa kamati alisema huo ni mgongano wa maslahi, akaagiza kwamba kwenye boti nikae nyuma.

Shangazi na wanawake wenzake wa kikundi walikuwa wananenepesha kaa pembeni ya kijito kimoja cha delta, ndani ya mikoko. Kaa aliyetoka kujivua gamba la zamani anaweza kuwa mkubwa kwa nje, lakini ndani ni maji matupu. Mnunuzi akimbinya anamtupa. Ukimweka kizimbani ukamlisha utumbo wa samaki na konokono wa topeni, baada ya wiki kadhaa anajaa nyama, na mnunuzi yuleyule anamgombania. Kila kaa ana chumba chake, kama gesti, kwa sababu ukiwalaza wawili pamoja asubuhi unamkuta mmoja, ameshiba.

Shangazi mwenyewe hali kaa. Huku kwetu wengi hawali. Wengine husema ni makuruhu, wengine husema tu kwamba hawapendi anavyotembea. Kaa ni wa kufungwa kamba na kupelekwa Dar es Salaam, wakaliwe na watu wa hoteli. Shangazi alimjua kaa kwa vidole na kwa uzito wa mkononi, lakini ladha yake aliisikia kwa watu tu, kama mtu anavyosikia habari za theluji.

Mikoko ni hifadhi, kwa hiyo vizimba vilisimama kwa kibali, na kibali kilihuishwa pale tu kamati ilipokuta kaa waliokomaa. Kukomaa kulipimwa kwa ubao uliochongwa pengo katikati. Gamba likipita pengoni, kaa ni mchanga, likigoma, amekomaa. Niliwahi kuuliza kikaoni mbona tunapima gamba wakati kazi ya akina mama iko ndani ya gamba. Nilijibiwa kwamba nyama haina kipimo kilichoidhinishwa. Kibali kikikataliwa, fito zote zinang'olewa. Tangu mafuriko yachukue mpunga wake, shangazi na wajukuu zake walikuwa wanakula kwa vizimba hivyo, basi.

Mwenyekiti wetu alikuwa ametokea kwenye usimamizi wa korosho huko Mtunda, na korosho zilikuwa bado hazijamtoka. Kikao cha kwanza aliuliza kaa wanapuliziwa salfa mwezi gani. Afisa uvuvi, kijana mpole aliyetoka chuoni karibuni, aliliandika swali lile kwanza, ndipo akainama kucheka. Wa nne wetu alikuwa mama mmoja afisa afya, aliyeletwa kuangalia usafi wa maji. Aliyaangalia, akayanusa, akasema ni maji.

Tatizo la kamati lilikuwa la kimaumbile. Boti yetu ilihitaji maji mengi ili iingie kijitoni, na vizimba vilihitaji maji machache ili vionekane. Kwa hiyo kila ukaguzi ulifanyika vizimba vikiwa chini. Tulikuwa tunasimama ndani ya boti, afisa uvuvi anaonyesha maji ya kahawia na kusema, "Pale." Mwenyekiti anatikisa kichwa. Mimi naandika kwamba kamati ilifika eneo la mradi na kujionea. Kisha tunaondoka haraka, kabla maji hayajatuacha. Kila mwaka vizimba vilionekana viko katika hali nzuri.

Safari ninayoisimulia, kibali kilikuwa kinaisha mwezi uleule. Siku mbili kabla, shangazi alinipigia simu.

"Hao wakubwa zako wanapenda nini?"

"Kuku tu, shangazi. Usijisumbue."

"Kuku! Watu watoke Kibiti mpaka huku kwa ajili ya kaa, mimi niwape kuku? Watasema tumewaficha."

Sikubishana naye. Mgeni kwetu halishwi kilichobaki, analishwa kilicho bora, na shangazi hakuwa mtu wa kubadilisha hilo kwa ajili ya mwongozo wa ukaguzi. Alichagua wale wanene, wakubwa kuliko wote. Jirani mmoja asiye na wasiwasi na kaa ndiye aliyepika, kwa nazi na ndimu, huku shangazi akitoa maelekezo kutoka upande ambao upepo hauleti harufu.

Tulifika maji yamejaa. Tukajionea kama kawaida, kisha tukakaribishwa mkekani. Sinia ya wali ikaja, na sinia ya kaa nyuma yake.

"Mimi kaa huwa sili," alisema mwenyekiti akinawa. "Nitaonja mchuzi tu, nisiwavunje moyo akina mama."

Baada ya muda kidogo afisa afya akamtazama. "Mchuzi gani huo wenye miguu, mwenyekiti?"

"Imekuja na mchuzi, mama. Niirudishe?" Akavunja gando kwa jiwe, akanyonya, akafumba macho. "Lakini huyu kajaa! Mtazameni huyu. Kajaa mpaka kwenye kucha."

Afisa uvuvi aliacha kijiko, akala kwa mikono. Afisa afya aliomba ndimu nyingine. Mimi nilikula mmoja, kwa niaba ya wananchi. Shangazi alikaa pembeni akitazama nyuso zetu kwa makini, kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua.

Nahodha alipiga kelele kutoka ukingoni. "Waheshimiwa, maji yanatoka!"

"Dakika tano," alijibu mwenyekiti bila kuinua kichwa.

Nahodha aliita tena, akajibiwa dakika zilezile. Mara ya tatu hakuita. Tulipotoka kwenye mkeka boti ilikuwa imelala ubavu juu ya tope, na nahodha amekaa ndani yake akichokonoa meno, na chakula chake alikuwa ameletewa hukohuko.

"Maji yatarudi kwenye magharibi," alisema. "Mnaweza kukagua."

Ndivyo kamati ilivyoviona vizimba kwa mara ya kwanza. Vilikuwa pale, vimesimama wazi kwenye mteremko wa kijito, vinatiririka maji. Mwenyekiti alishuka na viatu vya ofisini, na kiatu kimoja kikabaki topeni. Shangazi alifungua vyumba kimoja kimoja. Vingine vilikuwa vitupu. Vingine vilikuwa na kaa walioingizwa juzi, wadogo, wepesi, wanaonyanyua magando kwa hasira ya mtu aliyeamshwa. Afisa uvuvi aliwapitisha kwenye ubao. Walipita, wote, bila hata kugusa kingo.

Mwenyekiti alisimama na soksi yake moja, na heshima yake ikamrudia.

"Bibi, hapa hakuna mradi. Hapa kuna fito." Akanigeukia. "Andika. Vyumba vingi vitupu. Kaa waliopo hawajakomaa. Kamati inapendekeza kibali kisihuishwe."

"Mwenyekiti," nikasema, "waliokuwemo kwenye vile vyumba vitupu..."

"Wewe una mgongano wa maslahi. Andika."

Shangazi alifunga vyumba, akanawa tope miguuni, akaelekea nyumbani. Nilijua anavyotembea akiwa na hasira na anavyotembea akiwa na huzuni, na mwendo huu haukuwa wa hasira wala wa huzuni. Aliporudi alikuwa na ile sinia yetu. Juu yake yalikuwa magamba ya kaa, mekundu, yamesuuzwa, yamepangwa kifudifudi. Wanawake wenzake walimfuata nyuma.

"Wanangu," alisema, "mlisahau kuwapima hawa."

"Bibi, hayo ni mabaki ya chakula."

"Sikatai. Lakini ubao wenu si unapima gamba? Hili si gamba?"

Mwenyekiti akamwambia afisa uvuvi ampimie bibi yaishe. Kijana akachukua la kwanza, akalisukuma pengoni. Likagoma. Akachukua la pili, akaligeuza upande, likagoma vilevile. Aliendelea mpaka sinia ikaisha, na hakuna lililopita.

"Aliyepikwa hahesabiwi," alisema mwenyekiti. "Tunakagua mifugo, hatukagui mboga."

"Haya," alisema shangazi. "Basi mmenikagua mimi, nami niwaulize ninyi, maana mimi sijawahi kumla. Ninalisha tu, sijui nalisha nini. Walikuwa wamejaa, au walikuwa maji matupu?"

Aliuliza kwa dhati, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumjibu.

"Mama wa afya, mwanangu. Wewe ulikula wawili."

"Walijaa, bibi," alisema afisa afya, akitazama chini.

"Na mwenyekiti?"

"Mimi nilionja mchuzi."

"Huo mchuzi ulikuwa na sauti, mkubwa," alisema nahodha kutoka botini. "Nimeusikia hukuhuku ukivunjika."

Wanawake walicheka, wakaziba midomo kwa kanga. Mwenyekiti akafungua mdomo, lakini afisa uvuvi alimtangulia. Alikuwa ameutoa mwongozo mfukoni, anausoma na uso wa mtu aliyeona nyoka kwenye njia anayopita kila siku.

"Mwenyekiti, kuna jambo. Tukiandika kwamba hapa hapakuwa na kaa waliokomaa, basi tulichokula ni kaa wachanga. Na kaa mchanga, hapa wanasema, ni kosa kumvuna, kumuuza, au..."

"Au nini?"

"Au kukutwa naye nje ya kizimba."

Mwenyekiti alijitazama tumboni. Kisha akatazama boti iliyolala ubavu na tope pande zote. Hapakuwa na pa kwenda kufikiria. Kaa wadogo wa topeni walikuwa wakichungulia mashimoni karibu na soksi yake.

"Futa," aliniambia. "Andika kwamba kamati imekuta kaa waliokomaa, na imejiridhisha na ubora wao. Kibali kihuishwe."

"Fomu inauliza tumejiridhisha kwa njia gani."

"Kwa ukaguzi wa kina."

Niliandika hivyo, na naamini katika miaka yote ya kamati ile hakukuwa na sentensi ya kweli kuliko hiyo. Shangazi aliomba nimsomee. Nilimsomea mara mbili. Alipolisikia neno "kihuishwe" mara ya pili, akaikalia sinia iliyopinduliwa, magamba yametapakaa miguuni pake, akapangusa macho kwa ncha ya kanga, akawaambia wenzake waanze kutafuta utumbo wa samaki kwa ajili ya kesho.

Maji yalianza kurudi jua likizama. Boti ikajiinua taratibu, vizimba vikaanza kupotea tena, ufito kwa ufito. Tulikuwa tumeshapanda wote, mimi nyuma, wakati mwenyekiti alipoinamia ukingoni na ndoo ndogo ya plastiki, sauti ameishusha.

"Bibi, hakuna wa kubeba? Mama watoto atauliza."

"Wamebaki wale uliowakataa, mwanangu," alisema shangazi. "Waache wanenepe kwanza. Ukija mwakani, utawakagua."