Ngazi Moja Ndani ya Piramidi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinikabidhi kisu, rula ya chuma na plasta ya kidonda.

"Plasta ya nini, bosi?"

"Ya kidole, Baba. Leo utajikata tu."

Alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, na kabla ya saa nne nilikuwa nimeshajikata.

Karakana hiyo ilikuwa ya idara ya usanifu majengo, katika chuo kimoja cha Braamfontein, kusini kabisa mwa Afrika. Nilitoka Tanga nikiwa seremala. Hapo nikafundishwa kutengeneza modeli, yaani majengo madogo ya kadibodi na mbao laini ya kufundishia. Kila kitu kilikwenda kwa skeli: sentimita moja mezani ilisimama badala ya mita moja au mbili za jengo lenyewe. Ukikosea skeli, mlango wa hekalu unakuwa wa paka. Mimi ni mtu nisiyetulia, kwa hiyo kazi ya mikono isiyokaa bure ilinifaa.

Mwezi wa tatu, ningali kwenye majaribio, nikapewa piramidi ya Wamaya, ile ya Chichen Itza huko Meksiko. Nilikuwa na picha moja tu, ya upande wa kaskazini, wenye vichwa vya nyoka chini ya ngazi. Nikajenga majukwaa tisa, kila moja dogo kuliko la chini yake, hekalu juu, ngazi moja mbele. Pande tatu nikaziacha tupu. Michoro ya vipimo ilikuwepo maktaba, sikwenda kuitazama. Nilijiona najua.

Mkuu akaizunguka mara mbili.

"Eish! Ngazi ni moya tu? Zingine umeziweka wapi?"

"Kwani zipo zingine?"

"Ziko ine, Baba! Kila upande moya, vipandio tisini na moya. Jumlisha zote, ongeza jukwaa la juu, utapata siku za mwaka. Wale watu walijenga kalenda ya mawe, bila chuma, bila gurudumu. Bomoa yote! Wageni wanakuja kesho kutwa."

Sikubomoa. Muda haukutosha kuanza upya, na kibarua nilikuwa nakihitaji. Alipokwenda kula nikapima, nikaona ile ya kwanza inaweza kubeba ya pili juu yake. Safari hii nikafuata michoro ya maktaba, nikaivika ganda jipya lenye ngazi nne, nikabadili skeli kwenye kibao chake cha maelezo. Alipouliza mbona imenenepa, nikamwambia hivi itaonekana vizuri kwa mbali. "Sharp," akasema, yaani sawa. Akastaafu bila kujua.

Mwaka wangu wa mwisho idara ilihamia ghorofa nyingine, na piramidi ikagoma kupita mlangoni. Mhadhiri mmoja, mama wa Kikenya, akaomba ikatwe katikati. Nikasema afadhali tung'oe mlango. Akacheka. Msumeno ulipozama nilitamani kukimbia.

"Mzee wangu!" akapiga kelele nusu mbili zilipoachana na ya ndani ikaonekana. "Kumbe ulijua na ukanyamaza tu!"

"Nilijua nini?"

"Ile ya zamani! Wachimbaji wa magofu walitoboa ile kubwa huko Meksiko wakapata ingine ndogo ndani, na iko na ngazi moja tu, kaskazini. Wamaya walikuwa wanajenga mpya juu ya ya zamani. Wewe umeweka zote mbili, na hakuna mtu alikuuliza!"

Nikatabasamu. "Basi tu, mwalimu," nikasema.

Sasa nusu hizo mbili zimo kabatini, nyuma ya kioo, na kibao chenye jina langu: fundi aliyeijua siri ya Wamaya. Wanafunzi huipiga picha. Mimi nakaa Bellevue na situlii. Tangu nianze kuandika haya nimeinuka kitini mara nne. Nimefunga dirisha, nimelifungua. Wajukuu wananiuliza kwa Kiingereza nina nini. Nina aibu. Wamaya waliijua piramidi ya chini walipojenga ya juu. Mimi sikujua kitu, nilikuwa naficha.

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo kwa kompyuta, modeli ni ya kumwonyesha mtu kitu ambacho hatafika kukiona, kilivyo. Niliifanya kwa uaminifu miaka yote isipokuwa mara moja, na hiyo moja ndiyo waliyoiandikia jina langu.

Kesho napanda basi hadi Braamfontein na karatasi hii. Nitamwomba mwalimu aiache piramidi palepale, ila kibao kisomeke hivi: Ya nje ilijengwa kwa vipimo. Ya ndani ni kosa la fundi ambaye hakwenda maktaba.