Siagi Isitoke Jasho

Siku yangu ya kwanza katika bekari ya Kisumu, miaka ya sitini, nilipewa aproni iliyonifika vifundoni na mlima wa trei za kusugua. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, nami, kifungua mimba, nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Nyuma yangu walikuwa wadogo watatu. Baba mdogo alikuwa amesema wazi: "Ukipata kazi ya kudumu, watoto wakae nawe. Ukikosa, mmoja aende kwa jamaa Katito, mmoja Maseno, na mdogo nitamchukua mimi." Nilizisugua trei zile hadi zikang'aa kama kioo.

Msimamizi wetu alikuwa mtu wa Limuru, fundi hodari mwenye mizaha mingi. Baada ya muda alinihamishia kwenye meza ya unga, ingawa bado nilikuwa kibarua. Ndipo akaja Mama mmoja wa Denmark, mke wa mtaalamu wa maziwa, na kopo la biskuti za siagi za kwao. Nilionja moja. Jamani! Ilivunjika kwa mlio mdogo, ikayeyuka, ikaacha siagi na vanila ulimini. Sikujua kwamba unga wa ngano unaweza kufurahisha mtu hivyo!

Mama alitaka tumwokee nyingine za chai ya Jumamosi, na meneja wa hoteli moja angekuwepo.

"Akinyi," Msimamizi akaniambia, "hoteli ikizipenda, nakuandika kazi. Isipozipenda, unarudi kwa trei."

Mama akatufundisha. Siagi na sukari hupigwa pamoja mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, kisha unafuata unga. Kinyunya hutiwa katika mfuko wa kukamulia, yaani kitambaa chenye mdomo wa bati wenye meno. Unakamua kiduara, na meno yanaacha mistari. "Siagi isitoke jasho," alirudia. Ikiyeyuka kabla ya kuingia ovenini, mistari hulala na biskuti hutandazika kama chapati.

Lakini hii ni Kisumu! Jua halijapanda sana, siagi ilikuwa inatiririka mezani.

"Kwetu Limuru siagi huota jua ndipo ilainike," Msimamizi akalalamika. "Hapa kwenu hata jiwe linatoka jasho."

"Basi Bwana, huku ulifuata nini?"

"Ngege, samaki wa ziwa lenu."

Akaagiza barafu ufuoni, kwa wauza samaki. Tukaizungushia siagi, ikaganda, mistari ikasimama, tukapiga makofi! Tulisahau kwamba siagi hunyonya kila harufu inayolala karibu nayo. Biskuti zilitoka ovenini nzuri kwa macho, zikinuka ngege. Mteja mmoja, bibi aliyekuja kununua mkate, akapewa moja. Akatafuna polepole.

"Nyathina," mwanangu, "ugali wake uko wapi?"

Msimamizi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nikiona nguo za wadogo zangu zikifungashwa. Chai ilikuwa kesho.

"Kwetu siagi hukaa katika chumba cha chini ya ardhi," Mama akasema.

"Mama, hapa chini ya ardhi tuna mchwa tu," Msimamizi akajibu.

"Mtungi je?" nikauliza. Nyumbani maji ya kunywa hupoa ndani ya mtungi, juu ya mchanga mbichi.

Mama akaruka kwa furaha. Tukanunua mtungi mpya usiojua samaki, tukatia siagi, tukauzika mchangani hadi shingoni na kuufunika kwa gunia lililoloa. Alfajiri Msimamizi alikamua, Mama akapanga trei, mimi nikasimama kwenye oveni ya kuni. Ili kujua joto nilirusha unga kidogo ndani. Ulipogeuka kahawia taratibu, nikaingiza trei. Zikatoka na mistari yote, pembeni dhahabu! Tulikumbatiana, unga hadi kwenye nyusi.

Hoteli iliagiza. Jumatatu niliandikwa mwokaji msaidizi.

Miaka ya sabini nilihamia jikoni mwa hoteli hiyo nikiwa mwokaji mkuu. Meneja mpya alitaka majarini badala ya siagi. Nilimwokea zote mbili. Akala ya siagi, akachukua nyingine, akasema, "Mama, endelea."

Sasa nimestaafu, na vijana wana friji. Bado nawaambia: usiharakishe siagi, na usiiweke karibu na samaki. Wadogo zangu walitawanyika baadaye, ndiyo. Wawili walitoka mlangoni kwangu kwa ndoa, mmoja kwa kazi ya reli. Hakuna aliyetolewa na njaa.