Sauti ya Pili ya Bibi

Walisema sitaweza. Mwalimu wa kwaya alitamka mbele ya watoto wote kwamba sikio langu linafaa kusikiliza mbuzi tu, nibaki hapa Shume nipalilie viazi. Leo, ndugu yangu, stashahada yangu ya muziki iko kwenye fremu sebuleni, na kinanda kipya cha kanisani kwetu nimekinunua mimi, kwa jasho langu. Jumapili iliyopita nilipiga wimbo wa mavuno kwa kinanda hicho, mimi mwenyewe. Ndipo bibi aliponirudia.

Bibi aliuimba wimbo huo akichambua maharage kando ya moto, nje ukungu umefika mpaka mlangoni. Haukupanda wala kushuka sana. Ulizunguka palepale, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Niliupenda. Sikujua kwamba kanisani bibi aliimba sauti ya pili tangu usichana wake, na kwamba nyumbani aliimba sehemu yake tu, ile inayokaa chini ya wimbo wenyewe.

Nilipojiunga na kwaya ya watoto nikaambiwa nianzishe ubeti. Nikaimba ya bibi. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mabenchi, na wiki nzima waliniita Bikizee. Hapo ndipo mwalimu aliposema ile ya mbuzi.

Nilirudi nyumbani nimefura.

“Bibi, ule wimbo unaukosea. Kanisani hauko hivyo.”

“Haya, niimbie ulivyo,” akasema, mikono bado kwenye ungo.

Nikamwimbia sauti ya kwanza, kama nilivyofundishwa siku ile kwa aibu. Katikati akaingia na yake, taratibu, huku akitabasamu. Mimi nikaona ananivuruga.

“Nyamaza, bibi. Unaniharibia.”

Akanyamaza. Akanipakulia makande. Tangu siku hiyo, kila nilipoingia jikoni, wimbo ulikatika.

Miaka mingi baadaye, chuoni, mkufunzi alibonyeza vibonye vitatu vya kinanda kwa pamoja, mpatano wa sauti ambao wanamuziki huuita kodi, wa kwanza kabisa tuliofundishwa, kisha akakiachia kibonye cha katikati. Sauti ikabaki tupu, kama nyumba iliyohamwa. Wenzangu waliandika kwenye madaftari. Mimi, katika ile noti ya kati iliyoondolewa, nilimsikia bibi. Nikaapa kwamba nitarudi, niimbe ya kwanza, yeye aimbe ya pili, mpaka mwisho. Ila nilitaka nirudi na cheti mkononi. Kilipotoka, bibi alikuwa ameshazikwa, nyuma ya mipeasi yake.

Sasa kwaya ile ile naifundisha mimi. Nipe melodi yoyote, nitaiwekea kodi zake kabla chai haijapoa. Lakini mwishoni mwa mstari wa tatu bibi hakufuata kitabu. Alishuka, na sikumbuki kama alishuka noti moja au mbili. Jumapili iliyopita, kabla ya ibada, nilijaribu moja, kisha mbili, kisha moja tena. Akina mama wa sauti ya pili wakanitazama.

“Mwalimu, tushike ipi?”

Nikawaambia waimbe ya kitabuni.