Bibi Aliyetusindikiza Mpaka Mtoni

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, tulipopanda boti ya abiria pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa letu, timu nzima ya mpira ya shule yetu ya Ujiji, kwenda kucheza na shule moja ng'ambo ya mpaka, Burundi. Tulikuwa tulale huko usiku mmoja tu. Mimi sijawa mzee wa mkongojo, miaka yangu ni arobaini na kitu, lakini nimehama miji mingi, na habari za kuaga nazijua kuliko wengi wenye mvi. Kwa hiyo nikikuona unafunga begi huku jicho liko kwenye saa, nakuomba uketi kidogo.

Miaka hiyo kambi za wakimbizi mkoani kwetu zilikuwa bado zimejaa, ila ng'ambo bunduki zilikuwa zimeanza kunyamaza, na watu walianza kwenda kuchungulia makwao. Siku chache kabla ya safari, mwalimu wa michezo akashikwa na malaria. Tulidhani safari imekufa. Akajitokeza Mwalimu Siwema, mama wa Rufiji aliyehamishiwa kwetu, asiyejua mpira wala Kiha.

Hamisi, mtoto wa Ujiji ambaye mdomo wake haukuwa na likizo, alimwuliza mbele yetu sote, "Madamu, kuotea unakujua?"

"Najua kuhesabu vichwa," akajibu. "Vichwa vilivyokwenda vikirudi vyote, mimi nimeshinda."

Golikipa wetu aliitwa Nestori. Alikuwa mtoto wa wakimbizi aliyekulia Bangwe, huko huko mjini kwetu. Mama yake alivuka naye mgongoni, hata kutembea hajajua vizuri, usiku ambao kila mtu alikimbia upande wake. Bibi yake, mama wa mama yake, alibaki huko. Miaka yote hiyo hawakujua kama yu hai, mpaka mchuuzi mmoja wa mawese alipoleta habari kwamba amemwona kwenye mlima wao ule ule, si mbali na mpaka.

Basi asubuhi ile mama Nestori alikuja Kibirizi na kikapu cha chumvi ya Uvinza. Aliushika mkono wa kulia wa mwanawe akautia katika mkono wa mwalimu. "Mwalimu, mimi bado naogopa kuikanyaga ile ardhi. Mpeleke akamwone mama yangu. Lakini nakukabidhi mkono huu, unirudishie huu huu."

 Mwalimu Siwema aliushika ule mkono mpaka wakapanda. Boti ilipoanza kuruka mawimbi kupita Mwamgongo, alikuwa ndiye anayetapika, na Nestori ndiye anayemshika.

Mpira wenyewe, mwanangu, usiniulize. Golikipa aliyekuwa anatazama milima badala ya mpira! Tulifungwa mpaka wenyeji wakatuonea huruma, wakatupikia maharage mengi.

Jumapili asubuhi wenzangu walitaka kuzunguka sokoni. Mwalimu alisema tunapanda mlima wote, maana hawezi kumwacha mmoja akaenda peke yake, wala hawezi kuwaacha wengine nyuma. Tulinung'unika njia nzima. Boti ya kurudi ilikuwa ikiondoka Kagunga, kijiji cha mwisho upande wetu wa mpaka, adhuhuri, na kutoka mlimani kwa bibi hadi Kagunga si karibu.

Tulimkuta anaanika muhogo. Nestori alisimama mbali akasema "Shikamoo" kama alivyozoea Bangwe, maana Kirundi alikisikia tu bila kukizungumza, na yule bibi akamtazama tu. Hakujua huyo ni nani, na katika nchi iliyotoka vitani mtu hawakimbilii vijana wageni kundi zima. Mimi kwetu ni Mwanga, ile ya jirani na Ujiji, Kiha nimekinyonya, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Nikamwambia kwamba huyu ni mtoto wa binti yake, aliyevuka mgongoni.

Bibi aliuweka chini ungo. Akamshika Nestori viganja, akapanda mikononi, akafika mabegani, akimwombea amani kila alipogusa, kama desturi ya kule ilivyo. Alipofika usoni aliushika kwa viganja vyote viwili. Hamisi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia, na mpaka leo anasema lilikuwa vumbi la muhogo.

Tulikaa. Tulikula. Chumvi ilimiminwa, kikapu kikajazwa maharage, maana chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Mwalimu alipoangalia jua akasema tuondoke, bibi naye akachukua fimbo yake.

Unajua desturi yetu, na ndiyo yao. Mgeni haagwi mlangoni. Mwenyeji hutembea naye, na anayejua pa kugeukia ni mwenyeji, si mgeni. Lakini bibi yule alitembea hatua ya kinyonga. Kila mti alisimama, akamweleza mjukuu wake nani aliupanda. Jua likapanda. Wenzangu wakaanza kunisukuma mbavuni. "Oya, wewe ndiye unayejua lugha. Mwambie bibi arudi, boti inatuacha!"

Nilifungua mdomo. Mwalimu Siwema akanishika bega.

"Unataka kumwambia nini?"

"Kwamba tumechelewa, madamu. Kwamba arudi akapumzike."

"Mwanangu, Kirundi sikijui, lakini miguu ya mtu naielewa. Huyu hajachoka. Boti ni ya kila siku. Wewe tembea."

Tukatembea. Tulifika kwenye kijito kinachoshuka ziwani, na ziwa likaonekana lote, na boti yetu, ndogo kama punje, ikienda zake kusini bila sisi.  Hapo ndipo bibi alipogeuka. Alimshika kila mmoja wetu mkono, hata Hamisi, kisha akamwambia Nestori maneno ambayo mwalimu aliniomba nimtafsirie:

"Siku ile mlinipotea. Leo ndiyo mmeondoka."

Tulilala Kagunga kwa wasamaria wema. Jumatatu, Kibirizi palikuwa pamejaa wazazi wenye hasira, na mkuu wa shule alimsema mwalimu mbele ya watu kama mtoto. Mwalimu aliomba radhi kwa kuwatia watu wasiwasi. Kule kutembea hakukuombea radhi. Kisha akampita mkuu, akautia ule mkono wa kulia wa Nestori katika mkono wa mama yake.

Mama Nestori hakuuliza habari za boti. Aliuliza, "Alikusindikiza?"

"Mpaka mtoni," Nestori akasema.

Mama akaketi mchangani, kikapu cha maharage mapajani, akacheka huku machozi yanamtoka.

Bibi hakukaa sana baada ya hapo. Familia iliporudi kwao walikuta kaburi limeshaota majani. Wanasema milima haikutani, binadamu hukutana. Mimi naongeza kwamba hukutana wakipewa nafasi, na nafasi yenyewe wakati mwingine ni boti moja iliyoachwa iende.

Mwanangu, nimeondoka Mpanda, Kahama, Mwanza, na kwingine nisikotaja, na kila nilipoondoka mbio nilijikuta natazama nyuma miaka mingi. Siku hizi nikiwa Mwanga, mama yangu akishika khanga yake kunisindikiza stendi, naacha atembee atakavyo. Nawe usimkatize anayekusindikiza. Usimwambie "rudi, umechoka." Yeye ndiye anayejua safari yako inaanzia wapi moyoni mwake. Tiketi hukatwa tena, mwanangu. Na siku utakapokabidhiwa mkono wa mtoto wa mtu, kuwa kama Mwalimu Siwema: urudishe, hata kama umechelewa.

Nenda basi. Mola akupe njia nyeupe, akuwekee wenyeji wema mbele, na nyuma yako asikose mtu anayekuja polepole na fimbo yake.