Mstari Uliopita Bondeni

Watu wanaolipa ili wachoke sijawahi kuwaelewa, ingawa ndio walionilisha miaka saba. Walikuja na baiskeli zenye mikoba pande zote, wakauzunguka mlima wetu wa volkano kwa siku tatu, juu ya majivu na mawe meusi yanayochana tairi, wakafika mwisho wamebabuka pua na kusema ilikuwa raha. Mimi nilikuwa nyuma yao na pikapu ya mizigo. Mbele yao alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, fundi baiskeli ambaye huku kwetu kila mtu anamwita Spoku kwa jinsi alivyo mwembamba kama waya wa gurudumu.

Njia ile aliipata yeye kwa miguu yake. Hapakuwa na njia ya baiskeli. Palikuwa na vijia vya mbuzi, barabara ya malori ya kokoto, na mashamba ya watu wasiotaka kusikia habari za wageni. Spoku alipita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, akasikiliza habari za migongo inayouma na wakwe wasioelewana, mpaka akaunganisha mzunguko mzima. Alijua pa kupata maji, alijua mchanga unaomeza gurudumu uko wapi, alijua kona ambayo ukiishuka kwa pupa utaokotwa vipande vipande.

Sasa, siku ya pili ya safari, njia inafika kwenye bonde dogo, urefu wake viwanja viwili vya mpira. Ardhini pale hutoka hewa isiyo na rangi wala harufu, nzito kuliko hii tunayovuta, na asubuhi kukiwa kimya hujaa bondeni kama maji kwenye karai. Mbuzi akiingia hatoki. Upepo ukianza, kama saa nne hivi, hewa ile hufagiliwa, na sisi wenyeji hukatisha humo bila wasiwasi kwa sababu hufupisha safari. Lakini hata wakati wa upepo kuna sheria moja ambayo kila mtu hapa alifundishwa na mama yake kabla hajajua kunawa mikono: bondeni hapainamwi. Kandambili ikikatika, iache. Kofia ikidondoka, iage. Chini kule zimelala kandambili za rangi zote, na sijasikia mwizi aliyezitamani.

Wageni hatukuwapitisha pale hata siku moja. Spoku aliwazungusha kwa juu, kilomita sita za kupanda, huku wakimtukana kwa lugha zao. Kisha mwenye kampuni ya safari iliyotuajiri akaja na kidude cha kunasa njia, akakifunga kwenye usukani wa Spoku, akamwambia auzunguke mlima peke yake ili ramani iwekwe kwenye simu. Siku ya pili Spoku alifika njia panda, pale pa kushuka bondeni au kuzunguka kwa juu, saa tisa alasiri. Upepo ulikuwa unavuma vizuri na mvua ilikuwa inamnyemelea kisogoni. Akafanya ambalo mimi ningefanya, na mama yangu angefanya. Akakata bondeni. Kidude kikanasa, maana hakikuwa na akili ya kuuliza ni saa ngapi.

Hakumwambia mtu, na si kwa kuficha. Kwetu kupita bondeni ukiwa na upepo ni jambo la kawaida kama kuvuka uwanja wa jirani. Nani anakumbuka kulisimulia? Tulijua baada ya mwaka mmoja, kampuni imeshafungwa, waendesha baiskeli wanakuja wenyewe na simu zao. Wawili waliingia karakana kwa Spoku kujaziwa upepo, wakalalamika vichwa vinawauma, wakasifia bonde walilopita asubuhi.

"Bonde gani?" Spoku akauliza, na spana ikabaki hewani.

Wakamwonyesha kwenye simu. Mstari mwekundu, umenyooka katikati ya bonde, na pembeni yake jina la njia ambayo aliitengeneza yeye. Dada anasema usiku ule hakugusa chakula.

Mwenye kampuni simu yake haikuita tena. Mpwa wangu, binti yao, anayejua mambo ya mitandao, akawaandikia wenye ramani. Akaandika mara ya pili na ya tatu. Nilikuwepo nyumbani kwao jibu lilipofika.

"Wanasema asante kwa maoni yako," akasoma. "Wanauliza tunawapa nyota ngapi, moja mpaka tano."

"Wape tano," Spoku akasema. "Labda wakifurahi watasikia."

Akawapa tano. Mstari haukusogea hata unywele. Tena mpwa akagundua kwamba watu wengine walishaunakili kwenye ramani zao, na wengine wakanakili kwa hao, kwa hiyo hata kama mmoja angeufuta, wangebaki wasiohesabika. Nilimwona Spoku akiitazama ile simu kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua ng'ambo ya mto.

Akapanga mawe kuziba njia. Wageni wakanyanyua baiskeli na kupita juu yake, kwani si ndiyo raha waliyoifuata? Akasimamisha kibao chenye fuvu la kichwa. Wakapiga nalo picha wametoa ulimi. Basi ikabaki akae pale yeye mwenyewe. Kila alfajiri alipanda mpaka njia panda, akakaa juu ya jiwe mpaka upepo uanze, ndipo ashuke kufungua karakana wateja wameshanuna na kuondoka.

"Mwenzenu nimeolewa na kibao cha barabarani," dada aliwaambia majirani, wakacheka. Yeye hakucheka sana.

Nami nilimtania, lazima niseme. Shemeji hutaniwa. Nilimwambia serikali itamjengea sanamu, na kwa wembamba wake watatumia waya mmoja. Lakini nilimwona akiwasimamisha wageni, akiwasha kibiriti cha gesi na kukishusha taratibu mpaka moto unazimika wenyewe magotini, na uso wa mgeni ukibadilika. Aliwarudisha wengi. Walikuwa wanatoka upande wa juu wote, kwa sababu kuuzunguka mlima kinyume ni kuipanda miteremko yote mikali ya mchanga, na hakuna mwenye mizigo anayejitakia hayo. Upande wa chini hakukaa mtu. Hatukuuwazia.

Siku yenyewe nilikuwa napeleka kokoto. Nikasimamisha pikapu njia panda kumsalimia, tukasimama ukingoni tukiongea habari za bei ya saruji. Ilikuwa saa mbili asubuhi, hata jani halitikisiki.

Mara Spoku akanyoosha kidole bondeni.

Upande wa pili, mwisho wa bonde, mtu alikuwa anaingia kutoka chini. Mwanamke, koti la njano, anasukuma baiskeli yenye mikoba minne. Alikuwa mbali, lakini tuliona anachechemeza baiskeli, gurudumu la nyuma limelala. Pancha.

"Rudi!" Spoku akapiga kelele. "Rudi! Toka huko!"

Nikapiga kelele naye. Nikapunga mikono yote miwili mpaka mabega yakauma. Mwanamke akainua uso akatuona. Nyumba zote alizopita huko nyuma watu walikuwa wamempungia, watoto, wakulima, kila mtu. Huku kwetu ndivyo tulivyo. Naye akatupungia. Akailaza baiskeli, akatoa kifuko cha vifaa, akachutama kwenye gurudumu.

Spoku akaanza kushuka. Nilimfuata hatua kama kumi, akawasha kibiriti, kikazimika kifuani kwake, na kutoka pale bonde linazidi kushuka kabla halijapanda kumfikia yule mama. Angezama kabisa. Alijua kuliko mimi, na bado akanyanyua mguu. Nikamkamata mkanda wa suruali.

"Niachie, shem."

"Sikuachii."

"Niachie, nitabana pumzi!"

"Viwanja viwili vya mpira utabana pumzi? Na kuinama utainamaje?"

Alinipiga kiwiko mdomoni. Sikumwachia. Kuzunguka kwa gari mpaka upande wa chini ni dakika arobaini, na simu hazishiki pale, na kama ningekwenda kwenye gari yeye angeshuka. Kwa hiyo sikwenda popote. Nilimburuta mpaka ukingoni nikamlalia, mtu mzima namlalia mume wa dada yangu kwenye majivu, na wote wawili tukawa tunatazama koti la njano. Halikuanguka. Liliegemea tu kwenye baiskeli taratibu, kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya gurudumu, likabaki hivyo.

Tulikaa mpaka upepo ulipokuja, saa nne kasoro. Muda wa karibu saa mbili nzima. Nililia waziwazi, sioni haya kusema. Spoku hakulia. Alikuwa anachungulia majani ya ukingoni, moja baada ya jingine.

Upepo ulipofagia vizuri tukashuka, kibiriti kinawaka mpaka chini. Alikuwa mtu wa umri wa dada yangu. Simu yake ilikuwa kwenye usukani, mstari mwekundu unaendelea mbele. Nikamvua koti nikamfunika nalo uso, nikasema twende barabarani tukawapigie polisi.

Spoku hakunisikia. Alikuwa ameshapiga magoti. Alitoa gurudumu, akaling'oa tairi, akauchomoa mpira, akatafuta tundu kwa shavu lake kama anavyofanya siku zote. Akasugua, akapaka gundi, akaipuliza, akabandika kiraka, akashikilia kwa dole gumba akihesabu kimoyomoyo.

"Shemeji," nikasema. "Acha hiyo. Inuka."

"Ni kazi ya dakika kumi hii," akasema bila kunitazama. "Angepanda tu mpaka pale juu, ningemzibia."

Akarudisha gurudumu, akachukua pampu yake mama yule, akaanza kujaza upepo.