Tablette ya Mutoto Wangu Iko na Mwenyewe

Admin, uniwekee hii, lakini jina langu libaki kwako. Niko maman wa watoto watatu, nina miaka ishirini na saba, naishi hapa Bukavu na nauzisha sambaza, vile visamaki vidogo, kando ya ziwa, upande wa Nguba. Bwana yangu anachimba dhahabu huko Mwenga, na barabara ikifungwa tunakaa miezi bila kumuona. Nilisoma mpaka troisième secondaire tu, munivumilie. Nimechoka, lakini lazima niandike kabla ya siku ya Mungu, siku ya misa, kufika.

Mutoto wangu wa kwanza, musichana, iko sixième, mwaka wa examen. Maître wao anatuma mazoezi kwenye groupe ya wazazi, na simu yangu ni ya batoni, haipokei picha. Kila mangaribi mutoto alikuwa anazunguka kwa majirani kuomba simu zao ili anakili. Siku moja akarudi analia: "Maman, wamesema niko mwombaji." Iliniuma sana. Nikatoa vikwembe vyangu, vile vitenge vya ndoa, nikavipeleka sokoni, nikamuomba shemeji yangu, mudogo wa bwana yangu, atutafutie tablette.

Huyu shemeji ndiye mwenye kutushika mukono tangu kaka yake alienda machimbo. Mutoto akiugua, yeye ndiye anamubeba mugongoni mpaka kwa daktari. Kadogo kakikataa dawa, yeye ndiye anakabembeleza: "Kunywa, papa, usinichokeshe." Watoto wanacheka, wanakunywa. Munielewe vizuri hapo.

Akaileta, bado safi, na kifuniko cha bleu. Nikamuuliza, kama watoto wanavyomuita, "Tonton, hii imetoka wapi?" Akacheka: "Iko occasion, imetumiwa kidogo huko Bulaya. Wewe wateja wakinunua sambaza, wanakuulizaka mama yake ni nani?" Na mimi nikacheka.

Ndani mulikuwa mumejaa masomo: vitabu vya français, hesabu, hadithi. Ilionekana mutoto mwingine aliitumia. Kijana mumoja anayetengeneza simu akanishauri, "Maman, hii ingefaa kufutwa yote kwanza." Nikamukatalia: megas za internet ziko bei, nani atanirudishia masomo yale? "Unatupa sufuria pamoja na bugali ndani?" Hapo ndipo nilikosea. Na najua siko peke yangu. Hapa kwetu tablette yenye kukuja na masomo ndani, tunaiita baraka.

Mulikuwa pia na sauti zilizorekodiwa za yule mutoto akisoma français, mama yake akimukosoa pembeni. Wangu akawa anamufuata neno kwa neno, kama dada yake. Points zikapanda. Moyoni nilikuwa namushukuru yule mutoto bila kumujua.

Juma lililopita message ikatokea juu ya écran:

"Bonjour maman. Hiyo tablette ni ya binti yangu. Picha munazopiga nayo zinafika kwenye simu yangu. Nimeona mutoto wako na uniforme yake, nimetambua shule anayosomea. Sitaki muirudishe, mutoto afanye examen yake. Lakini zile siku mji ulichafuka, watu waliingia kwetu, wakapiga baba wa watoto, mpaka leo hatembei. Niambie tu nani alikuuzisha."

Nilisoma, nikarudia. Ananiomba, ao ananitisha? Mpaka sasa sijui. Najua tu kwamba sura ya mutoto wangu iko kwake.

Nikamuita shemeji. Kusoma tu, akaifunika na kile kifuniko cha bleu. "Niliinunua kwa mutu, hata sura yake nimesahau. Zima hiyo kitu! Siku ya Mungu, tukitoka misa, nakuja kuichukua, naitupa mu ziwa." Nilimuamini. Nilitaka kumuamini.

Kesho yake nilikuwa naosha sambaza, mutoto anasikiliza zile sauti ili aziage. Akaniita polepole: "Maman, kuja usikie." Ilikuwa ya mwisho kabisa. Yule mutoto anasoma habari ya mbuzi na jirani. Mulango unapigwa. Mama anapiga kelele. Kisha sauti ya mwanaume, pole tu, kama mutu anayebembeleza: "Leta funguo, papa. Leta, usinichokeshe." Halafu kishindo.

Mutoto akaniangalia. "Maman, si ni tonton?"

Nikamuambia, "Hukusikia kitu." Akanijibu, "Lakini maman, nilisikia."

Tangu hapo shemeji akipiga hodi, mutoto anashika wadogo wake, anawapeleka nyuma ya nyumba. Juzi shemeji akaniuliza, "Huyu mukubwa, amekuwa aje siku hizi? Anaogopa nini?" Nikasema ni mambo ya examen. Akaangalia upande wa nyuma ya nyumba, kisha akaenda.

Yule mama hana hiyo sauti. Kwake zinafika picha tu, na hata angeisikia, hamujui mwenyewe. Iko kwangu tu. Nikitaja jina, munajua mji wetu siku hizi: wanaweza kumuchoma kabla mutu hajamuuliza swali hata moja. Na bwana yangu ataniambia nimeuza damu yake. Nikinyamaza, kuna baba amelala huko hawezi kusimama, na muke wake, katika uchungu wote ule, bado alisema mutoto wangu afanye examen. Na binti yangu atakuwa amejifunza kwangu kwamba mutu anaweza kusikia na kukana masikio yake.

Wazazi wenzangu, mukitafutia mutoto tablette, musianze na bei. Ulizeni mwenyewe wa kwanza. Fungueni yote iliyo ndani, mutazame, musikilize, ninyi wenyewe kabla ya mutoto. Mimi nilimutanguliza wangu.

Kitu kimoja nimekata shauri: siku ya Mungu shemeji hataichukua. Nimeiweka mahali hataijua, na watoto nitawapeleka Nyangezi kwa mama yangu kabla ya misa. Lakini kabla ya kuizima niliona yule mama ameandika tena, neno moja tu: "Maman?"

Sijamujibu. Ninyi munaosoma, nanyi muko na watoto: nimuandikie nini?